Uzi maalumu kwa wanaoanza kupaka rangi visanamu vya michezo ya mezani: anzeni na kitako, uso utasubiri

#1 Brashi Namba Moja

Habari za jioni wanajukwaa.

Nimekuwa nikipokea PM nyingi za watu wanaotaka kuanza kupaka rangi visanamu vya michezo ya vita ya mezani. Picha wanazonitumia zinafanana: kisanamu kimoja kimepakwa uso, jicho la kulia limeshawekwa, la kushoto limegoma, na kazi imeishia hapo. Nimeona nifungue uzi mmoja, maswali yote yaje hapa, na wengine wafaidike.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini, hivi ni visanamu vya plastiki, rezini au madini laini: askari, mazimwi, wapanda farasi. Vingi vina kimo cha milimita 28 hivi kutoka unyayoni hadi usawa wa macho. Vinauzwa bila rangi, mara nyingi vikiwa vipandevipande kwenye fremu ya plastiki. Mwenyewe unavikata, unaviunganisha, unavipaka, kisha unacheza navyo. Kampuni inayojulikana zaidi ni Games Workshop, wenye mchezo wa Warhammer, walioanzia London mwaka 1975 na sasa makao yao yako Nottingham. Wengine wanatengeneza askari wa vita vya kweli vya historia, na huko ndiko mimi nimelalia zaidi.

Kila kisanamu husimama juu ya kibao kidogo, aghalabu cha duara, cha milimita 25, 32 au 40. Hicho ndicho nakiita kitako. Na msimamo wangu ni huu: anayeanza aanze na kitako. Asiguse uso wala macho mpaka awe na vitako kadhaa vilivyokamilika mkononi.

Sababu ni kwamba karibu kila kitu utakachofanya kwenye kisanamu kimejengwa na kazi tatu: rangi ya msingi, woshi, na brashi kavu (zote nitazieleza hapo chini). Kitako kinakufundisha zote tatu ndani ya sehemu ndogo, tena kwenye ardhi, na ardhi ni mwalimu mpole. Brashi ikienda kombo kwenye mchanga, umepata kokoto. Ikienda kombo usoni, askari wako amepata kovu.

Halafu angalieni jinsi mchezo unavyochezwa. Mchezaji amesimama pembeni ya meza, anatazama kutoka juu. Anachokiona ni kofia, mabega na ardhi, na macho hayaoni kabisa. Kikosi chenye rangi za kawaida juu ya vitako vilivyofanyiwa kazi vizuri kinapendeza kuliko kikosi kilichopakwa kwa ustadi kikaachwa juu ya plastiki nyeusi tupu. Hili nimeliona kwenye meza nyingi na silitilii shaka hata kidogo.

Naendelea post inayofuata, msijaze maswali kwanza.

#2 Brashi Namba Moja

VIFAA

Msinunue seti ya rangi hamsini. Zinazotosha kuanzia ni nyeusi, nyeupe, kahawia iliyokoza, kahawia ya mchanga, nyekundu, bluu, njano, na chupa moja ya woshi ya kahawia. Ziwe akriliki za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya visanamu, kwa sababu chembe zake zimesagwa laini sana na rangi inafunika hata ukiipunguza kwa maji. Vallejo ya Hispania huja kwenye vichupa vya kudondoshea, Citadel ya Games Workshop huja kwenye vikopo vya kifuniko. Kwa joto letu napendelea vichupa. Kikopo kikifunguliwa mara kwa mara, rangi hugandia ukingoni, kifuniko hakishiki tena, na siku moja unakuta rangi yote imekuwa jiwe.

Brashi moja ya namba 1 au 2 yenye ncha kali. Wengi wanakimbilia zile ndogo kabisa za sifuri tatu wakiamini udogo ndio unaoleta mstari mwembamba. Mstari unatoka kwenye ncha, na rangi inabebwa na tumbo la brashi. Brashi isiyo na tumbo hukaukiwa njiani kabla haijafika kwenye kisanamu. Pamoja na hiyo, tafuta brashi ya vipodozi, ile ndogo ya mviringo yenye nywele laini. Hiyo ndiyo itakuwa brashi yako kavu.

Gundi mbili: ile nyeupe ya maseremala kwa mchanga, na supaglu kwa kisanamu. Kisu chenye wembe mkali, msasa laini, tishu, glasi mbili za maji (moja ya kuoshea brashi, moja ya kuchanganyia rangi), na taa nyeupe inayoangaza vizuri.

Paleti itengenezeni nyumbani. Chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, tandika tishu za jikoni zilizolowana, juu yake weka karatasi ya kuokea. Rangi ikiwekwa hapo inapata unyevu kutoka chini na haikauki haraka. Kwenye kigae au kifuniko cha plastiki kikavu, feni ikiwa inazunguka, tone la rangi linaanza kuganda kabla hujapaka hata bega moja.

KITAKO CHENYEWE

Vitako vya mazoezi ni vifuniko vya chupa za maji ya kunywa. Upana wake unakaribia milimita 30, na kila nyumba ina vya kutupa. Kwaruza juu kwa msasa ili gundi ishike.

Mchanga: usiuchukue ufukweni na kuumwaga moja kwa moja. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Baada ya muda hutokeza juu ya rangi kama ukungu mweupe. Uoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uchuje kwa kichujio cha chai. Utabaki na mafungu mawili, laini na chenga. Mchanga wa mtoni una taabu ndogo zaidi, ila nao uoshwe utoke tope. Udongo wa bustani ukitumiwa mbichi unakuja na mizizi na viini vya ukungu, kwa hiyo uchome kwenye oveni au kaangio kavu kwanza.

Paka gundi nyeupe iliyoongezwa maji kidogo. Bandika kwanza vijiwe viwili au vitatu, vikae upande mmoja na visitapakae kila mahali. Halafu nyunyiza chenga kuvizunguka, mwisho mchanga laini. Kung'uta unaozidi. Uache ulale hadi kesho. Hapa wengi hawana subira, wanapaka gundi ikiwa bado mbichi ndani na brashi inaondoka na mchanga wote. Ikishakauka, paka tena juu yake gundi nyepesi sana yenye maji mengi, iingie katikati ya punje na kuzifunga.

Baada ya hapo praima, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi, kisha kazi tatu.

Rangi ya msingi: kahawia iliyokoza, ifunike kila mahali mpaka kwenye mashimo. Iache ikauke.

Woshi: hii ni rangi ya majimaji inayokimbilia mabondeni na kuacha vilima. Jaza kitako chote, halafu osha brashi, ikaushe kidogo kwa tishu, na unyonye madimbwi yaliyojikusanya. Baada ya hapo usiguse. Woshi iliyokauka nusu ikiguswa inaacha duara lenye kingo, na duara hilo halifutiki.

Brashi kavu: chovya ncha ya ile brashi ya vipodozi kwenye kahawia ya mchanga, ipanguse kwenye tishu mpaka uone kama imekwisha, kisha pitisha juu ya mchanga kwa haraka na wepesi. Rangi inashika kwenye vilele tu. Ukiona mchirizi, brashi bado imelowa, rudi kwenye tishu. Rudia kwa rangi iliyoongezwa nyeupe kidogo, safari hii upite kwenye mawe na kingo peke yake.

Vilele vitatokeza mbele ya macho yako. Punje ambayo dakika moja nyuma ilikuwa sehemu ya tope inasimama peke yake na kivuli chake.

Maswali sasa.

#3 Mzawa wa Chumbageni

Mkuu umenifungua macho, nimeweka kambi hapa. Mimi niko Tanga, naanza kabisa. Shangazi yangu ameniletea boksi la askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia na lengo langu ni kutengeneza vita ya Tanga ya 1914. Maswali mawili. Praima ya kupuliza nimeijaribu juu ya kipande cha fremu, imetoka kama ina vumbi, ukiigusa inakwaruza. Na pili, rangi ya ukutani ya maji ninayo ndoo nzima nyumbani, naweza kuitumia?

#4 Brashi Namba Moja

Karibu sana mdogo wangu, na umefanya vema kuijaribu kwenye fremu kwanza. Kila praima mpya ifanyiwe hivyo, hasa zile za maduka ya spea za magari. Baadhi zina viyeyushi vinavyolainisha plastiki, na nyingine ni nzito, zinafukia vifungo na mikunjo ya nguo.

Huo mkwaruzo ni unyevu wa hewa, na joto nalo linachangia. Matone yanaanza kukauka yakiwa bado angani, yanatua yakiwa unga. Pwani asubuhi na usiku hewa imelowa sana. Puliza mchana wakati unyevu umepungua, kivulini, pasipo upepo, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, kwa mipigo mifupi inayoanza nje ya kisanamu na kuishia nje. Siku za mvua za masika usipulize kabisa. Kwa mtu wa Tanga, Dar au Mombasa nashauri praima ya kupaka kwa brashi. Vallejo wanayo. Paka tabaka mbili nyembamba na utasahau habari za hali ya hewa.

Rangi ya ukutani: kwenye vitako, vilima na vibanda vya mezani itumie bila wasiwasi, ni nafuu na inashika. Kwenye kisanamu hapana. Ina chokaa na vijazio vya kufunika ukuta, chembe zake ni kubwa, uso wa mtu wa milimita 28 utapotea. Na rangi ya mafuta ya milango iache huko huko mlangoni.

Kuhusu vita ya Tanga una bahati ambayo wapaka rangi wa Ulaya hawana. Ardhi unayoitengeneza unaikanyaga. Waingereza na jeshi lao la Wahindi, watu wapatao 8,000, waliteremka Ras Kasone mwanzoni mwa Novemba 1914, wakakutana na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, cha watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nyuki nao wakaingia vitani. Nenda Ras Kasone ukapige picha udongo, halafu upande kuelekea mashambani upige tena. Video karibu zote za mafunzo zinapaka tope la kahawia na nyasi mbichi za Uingereza. Watu wa hapa wananakili hayohayo, halafu askari wa Tanga anaonekana kasimama Nottingham.

#5 Mbeba Boksi

Nikiwa huku Nottingham, nathibitisha kuhusu tope na nyasi, mwaka mzima ni hivyo hivyo, ndiyo maana wanavipaka vile.

Kwa Waswahili walio Uingereza ambao hawajui: maduka ya Warhammer yana utaratibu wa kumpa anayeanza kisanamu kimoja bure akipake pale pale dukani kwa rangi zao. Ingia uulize, huna haja ya kuona haya. Na hapa mjini pana Warhammer World, wameweka maonyesho ya visanamu vya miaka yote. Niliposimama mbele ya vile vya mashindano ya Golden Demon, yaliyoanza 1987, nilichokitazama muda mrefu ni vitako. Kuna kimoja ardhi yake ina ngazi za mawe zimeliwa na mizizi, na kila jani limepakwa. Mkuu Brashi anasema kweli.

#6 BintMaskati

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, rangi zanishinda. Humu ndani AC yakausha kila kitu, nikipaka joho la askari naona mistari ya brashi, na sehemu nyingine rangi imefanya vinundu. Nimefata kila kitu mpaka hiyo paleti ya karatasi. Tatizo nini?

#7 Brashi Namba Moja

Waalaykumu salaam dada.

Vinundu vinatokana na rangi nzito, au kurudi juu ya sehemu iliyoanza kukauka. Punguza kwa maji mpaka iwe kama maziwa, isiwe mtindi. Ukiivuta pembeni ya paleti kwa brashi, inapaswa kuteleza na kuacha alama inayoonyesha karatasi kwa mbali. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka, na litakutia shaka. Liache likauke, paka la pili, mabaka yatafunga. Tabaka mbili nyembamba hazifichi mkunjo wa joho. Moja nene linaufuta.

Halafu chovya ncha tu, nusu ya nywele isizidi, na uguse tishu kabla ya kupaka. Hatua hii ya kugusa tishu ndiyo wengi wanairuka. Brashi yenye rangi iliyopunguzwa kwa maji ikienda moja kwa moja kwenye kisanamu inamwaga, rangi inakimbilia kwenye mikunjo kama woshi na vilele vinabaki vyeupe.

Kwa ukavu wa huko: usikae chini ya mdomo wa AC, na kuna dawa ya kuchelewesha ukaukaji wa akriliki inauzwa maduka ya sanaa. Tone moja tu kwenye rangi, ukizidisha rangi itabaki inanata. Sehemu pana kama joho ipakwe kwa mwelekeo mmoja, kutoka begani kushuka, usirudi nyuma. Kuna doa umeliacha? Litasubiri tabaka la pili.

#8 BintMaskati

Ahsante sana kaka. Kugusa tishu kweli sikuwa nafanya. Nalijaribu leo baada ya Isha inshallah.

#9 Fundi Rezini

Wakuu mimi niko Thika, nina mashine ya kuprinti rezini. Vitako mnavyosema naviprinti tayari vina mawe na vigae. Si ni rahisi zaidi kuliko kuchuja mchanga?

#10 Brashi Namba Moja

Ni rahisi na ni halali kabisa boss, na kwa vigae vya sakafu ya kasri hakuna mchanga utakaokupa hivyo. Ila kwa ardhi ya kawaida mchanga halisi bado unashinda, kwa sababu punje zake hazifanani na brashi kavu inazishika kila moja kivyake. Changanya: printi mwamba, mchanga uuzunguke.

Kwa wanaofuata njia yake: rezini isiyoiva ni sumu kwenye ngozi. Glavu, dirisha wazi, osha kwa spiriti ya isopropili, kisha iive kwenye mwanga wa UV kabla ya kuigusa kwa mkono mtupu. Ukiisugua kwa msasa, sugulia majini na uvae barakoa. Na wenye visanamu vya madini vya miaka ya 1980, vingi vina risasi, kwa hiyo nawa mikono na usivikwangue karibu na chakula. Nikiwa hapo hapo: acheni tabia ya kuchongea ncha ya brashi mdomoni.

#11 Mzawa wa Chumbageni

Nimerudi wakuu. Nimemaliza vitako sita, picha hizi hapa. Vitatu ni vya ufukweni, vitatu vya bara. Udongo mwekundu nimetumia vumbi la tofali la kuchoma juu ya gundi kisha nikapaka. Nyasi nimekata kutoka kwenye kamba ya katani. Naombeni mnikosoe bila huruma.

#12 Brashi Namba Moja

Katani! Huyu ndiye mtu wa Tanga. Nyuzi za katani ni nyasi ndefu kavu bora kuliko nyingi zinazouzwa kwenye vipakiti, na wewe umezungukwa nazo.

Nimezikuza picha zako. Vitako vya bara ni vizuri sana. Cha pili kutoka kushoto, lile jiwe lililoegemea ukingoni limepata brashi kavu upande wa juu tu, na chini yake woshi imebaki. Ndivyo mwanga wa mchana unavyoangukia jiwe. Endelea hivyo.

Nyekundu yako imekolea mno. Udongo mwekundu wa kwetu ukiutazama juani, juu una vumbi lililopauka, na wekundu wenyewe upo kwenye nyufa na palipolowa. Pitisha brashi kavu ya mwisho kwa rangi ya mchanga iliyochanganywa na chungwa kidogo, nyepesi kabisa, juu ya kila kitu. Na vumbi hilohilo liguse buti au nyayo za askari na pindo za suruali yake. Hapo kisanamu na ardhi vitakuwa vimekutana.

Vya ufukweni umepaka nyeupe tupu. Mchanga wa pale una umanjano na ukijivu, na mawe ya matumbawe yana matundu meusi. Rangi ya msingi iwe kahawia ya mchanga, woshi ya kahawia uiongeze maji sana, brashi kavu kwa nyeupe iliyotiwa njano kidogo. Nyeupe safi iache kwa mstari wa povu kama utaweka maji.

Nyasi: usizipande zikiwa zimesimama kama mswaki. Kata fungu dogo, chovya mwisho wake kwenye gundi nyeupe, lisimamishe, na likikauka litanue kwa ncha ya sindano, nyuzi nyingine zilale. Mafungu mawili kwa kitako yanatosha. Zipitishie rangi, katani mbichi inang'aa na kuonekana ni kamba.

Kama unataka mkonge wenyewe, kata majani membamba yenye ncha kutoka kwenye karatasi ngumu, urefu wa milimita 20 hivi, yakunje katikati kwa urefu ili yapate mfereji, yapange kwa mzunguko kuzunguka kijiti. Paka kijani iliyotiwa kijivu na bluu, si kijani ya majani ya mgomba.

#13 Mzawa wa Chumbageni

Shukrani mkuu, narekebisha kesho. Sasa nimeanza kumtazama askari mwenyewe. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi imeeleza ngozi ya Mzungu hatua tano, ngozi ya askari Mwafrika imeandikwa "kahawia" basi. Nifanyeje?

#14 Brashi Namba Moja

Hili linanigusa, kwa hiyo nitaliandika kwa urefu. Watu wengi wanapaka ngozi yetu kwa kahawia moja, wanaipitishia woshi nyeusi, wamemaliza. Matokeo yake ni uso wa mbao. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi kuliko wanavyodhani, tena inashika mwanga kwa nguvu.

Anza na kahawia iliyokoza sana. Kwa wenye Citadel, Rhinox Hide inafaa. Tabaka mbili nyembamba.

Vivuli: chukua kahawia hiyohiyo, tia bluu iliyokoza kidogo au zambarau, pitisha chini ya nyusi, chini ya kidevu, pembeni ya pua, na katikati ya vidole. Usitumie nyeusi tupu. Nyeusi inaua ngozi, bluu inaiacha hai.

Kisha panda juu. Ongeza kahawia yenye wekundu, paka paji la uso, mashavu, mgongo wa pua, kidevu, masikio na vifundo vya vidole. Kila hatua eneo lipungue. Tabaka linalofuata tia chungwa au rangi ya ngozi iliyokauka jua. Usipandishe kwa nyeupe, kwa sababu kahawia ikichanganywa na nyeupe inakuwa kijivu na askari wako ataonekana amepauka kama mtu asiyejipaka mafuta.

Mwisho kabisa, nukta ndogo zinazong'aa: ncha ya pua, juu ya shavu, paji upande unaotazama jua. Ziwe ndogo na ziwe angavu kweli. Wapaka rangi wa Ulaya huogopa kupandisha mwanga kwenye ngozi nyeusi, lakini mtazameni mtu aliyesimama juani saa nane mchana anatoka jasho, muone paji lake linavyorudisha mwanga.

Viganja ni vyepesi zaidi, vina uwaridi ndani yake. Midomo ina wekundu au zambarau, inatofautiana. Na wasiwe wote rangi moja. Jeshi lile lilikuwa na watu wa makabila mengi kutoka sehemu nyingi za bara. Anza kila askari kwa mchanganyiko tofauti kidogo, mmoja kahawia yake ielekee wekundu, mwingine ielekee weusi, mwingine umanjano.

Macho yaache. Ile bluu uliyoweka chini ya nyusi inatosha kwa umbali wa meza.

Sare ya khaki iwe ya hatua chache: khaki, woshi ya kahawia, kisha khaki tena kwenye sehemu zilizonyanyuka, na mwisho khaki yenye mchanga kwenye kingo za mifuko.

#15 Mbeba Boksi

Post hii ingebandikwa juu ya uzi. Nimeishi huku miaka na sijaona mafunzo ya ngozi yetu yaliyoandikwa na mtu anayeijua.

#16 Fundi Rezini

Swali dogo mkuu: unambandika askari kwenye kitako kabla ya kupaka au baada? Na vanishi ni lazima?

#17 Brashi Namba Moja

Baada. Toboa unyayo kwa kikeke kidogo cha mkono, ingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi, chomeka kwenye kizibo cha chupa, na hicho kizibo ndicho utakachoshika muda wote. Vidole vyenye mafuta vinafuta rangi kwenye kingo kabla hujamaliza. Ukifika mwisho, waya huohuo unaingia kwenye tundu la kitako pamoja na tone la supaglu. Kwangua rangi iliyo chini ya unyayo kwanza, supaglu ishike plastiki yenyewe. Ikishikia kwenye rangi, itang'oka pamoja nayo.

Kisanamu kikiwa chepesi na kinaanguka ovyo, gundisha washa ya chuma chini ya kitako.

Vanishi ni lazima kwa kinachochezewa. Iwe ya mati, isiyong'aa, na kwa watu wa pwani iwe ya brashi, kwa sababu ile ya kupuliza kwenye unyevu inatoa ukungu mweupe juu ya kazi yote. Hakikisha umeikoroga chini kabisa, maana vanishi ya mati isiyokorogwa inang'aa.

#18 Mzawa wa Chumbageni

Nimerekebisha vitako, na nimepaka askari mmoja kwa maelekezo ya #14. Picha ya juu, picha ya pembeni. Vumbi nimeligusisha kwenye nyayo. Mama amepita akauliza huyu ni nani, kwa hiyo nadhani uso umekubali.

#19 Brashi Namba Moja

Amekubali kweli. Shavu la kulia limesimama, na vumbi la nyayoni ndilo linalonifurahisha zaidi, hapo askari anaonekana katembea kutoka stesheni.

Mambo mawili kabla hujagusa wa pili. Mkanda wa risasi umeuacha kahawia moja na ngozi ya mkono, vinaingiliana. Chora mstari mwembamba wa kahawia nyeusi palipokutana, kwa ncha ya brashi na rangi nyepesi, usiharakishe. Na ukingo wa kitako una madoa ya mchanga na gundi. Usugue kwa msasa laini, upake kahawia iliyokoza au nyeusi mara mbili kuzunguka wote, na rangi hiyohiyo uitumie kwa kikosi kizima.

Ukimaliza, wachukue watano waliobaki kwa pamoja: paka khaki wote, ndipo uanze ngozi. Ila ngozi ichanganye upya kwa kila mmoja. Weka picha Jumamosi.